Kutembea Kabla ya Kuzinduliwa

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa hofu, maana hofu ilipigwa marufuku zamani. Ni kwa sababu limebadilishwa mara nyingi na mimi sijapata kusikia lililopo sasa. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mabonde, ina viongozi. Mvua ikinyesha tunaambiwa ni nani ameileta, na isiponyesha tunaambiwa tumwombe Mungu.

Jambo moja nilieleze mapema, msomaji usije ukapotea. Kwetu kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Kila watu na mila yao: wengine huanza kwa sala, wengine kwa kuchinja, sisi huanza kwa mgeni rasmi. Kisima cha Mtaa wa Juu kilichimbwa, kikatoa maji matamu, kikafungwa kufuli kikisubiri mgeni rasmi, na wanawake wakaendelea kwenda mtoni na ndoo zao, wakikipita na kukiamkia. Wodi ya wazazi ilijengwa, ikapakwa rangi ya maziwa. Mwanamke mmoja akashikwa na uchungu akiwa mlangoni pake, akajifungua humo ndani kabla utepe haujakatwa. Mtoto yule hajaandikwa mahali popote mpaka leo, ingawa sasa ana ndevu na anasalimia watu vizuri.

Mimi naona ni utaratibu mzuri. Bila utaratibu watu wangekunywa maji ovyo.

*

Mtaa wetu unaitwa Nyuma ya Barabara. Zamani ulikuwa na jina lake, lakini Barabara Kuu ya Kasi ilipojengwa, waheshimiwa wakawa wanatuona kutokea upande wa pili, na ukituangalia kutokea huko, kweli tuko nyuma. Barabara ilichorwa makao makuu kwa rula. Rula haina macho, ikapita katikati ya nyumba zetu na shule. Ni pana, nyeusi, inang'aa, na magari yanapita pale kama yanafukuzwa na nyuki. Mahali pa kuvukia palichorwa ile mistari myeupe ya pundamilia, kisha ikafunikwa kwa kifusi ili isichakae kabla ya kuzinduliwa. Madereva hawakuiona, na hata wangeiona wasingekuwa na ruhusa ya kuitambua.

Naishi na mjukuu wangu Sikitu. Mama yake anafanya kazi za ndani kwa watu, mbali, anakuja sikukuu. Sikitu yuko darasa la pili, na unisamehe kama nasifia changu, lakini mtoto huyu anapenda kusoma kama wenzake wanavyopenda sukari. Anasoma pakiti ya chumvi. Anasoma karatasi ya sabuni, mpaka yale maandishi madogo ya chini yanayosema usiweke machoni. Andazi likija limefungwa kwenye gazeti, atasoma gazeti kwanza, andazi lipoe. Mimi niliishia darasa la nne, kwa sababu wakati wetu darasa la tano lilikuwa ng'ambo ya mto na mto haukuwa na daraja. Kwa hiyo nilikuwa nimejiwekea moyoni jambo moja tu, wala si kubwa: huyu asiishie mahali kwa sababu ya kuvuka.

Basi siku moja Mbwana, mjukuu wa jirani yangu Bi Semeni, akagongwa pale barabarani na pikipiki ambayo haikusimama hata kutazama imegonga nini. Bi Semeni ni muuza maandazi, mrefu, mwembamba, ulimi wake unakata kuliko kisu chake. Alimbeba mtoto mgongoni mpaka zahanati, akarudi naye amefungwa plasta kutoka nyonga mpaka kisigino. Jioni ile sisi bibi wa mtaa tukakaa kwenye mkeka wake, maana watoto wengi wa kwetu wanalelewa na bibi, tukasema hapana. Watoto wasiende mmoja mmoja kama punje zilizomwagika. Waende pamoja, bibi mmoja mbele, mmoja nyuma, wadogo katikati, na tukifika barabarani tusimame wote tuonekane. Dereva anaweza asimwone mtoto, lakini msururu mzima atauona hata kama hapendi.

Bi Semeni akasokota kamba ya katani, nene, ndefu. Tukaishonea vitanzi vya khanga chakavu, kila mtoto na kitanzi chake cha kushika, ili pasiwe na kugombana wala kusukumana. Cha Sikitu nilikikata kwenye khanga yangu ya zamani, na mkasi ukapita katikati ya maneno likabaki neno moja, JIRANI. Asubuhi ya kwanza alilisoma njia nzima, kwa sauti, mpaka Bi Semeni akamwambia amesikia, jirani yupo.

Ilikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Lori la magunia lilisimama, dereva akazima injini kabisa, akatoa kichwa dirishani akacheka akatuita treni. Siku iliyofuata naye akamwambia mwenzake, na mwenzake akasimama. Watoto wakawa wanafika shule kengele haijagongwa, viatu havina matope, maana bibi wa mbele alikuwa anachagua pa kukanyaga. Mwalimu Mkuu alipowaona wote wanaingia kwa pamoja alikimbia kubadilisha shati, akidhani wanamtangulia mkaguzi.

Mambo yakawa mazuri, na sisi wanawake wazima na akili zetu hatukukumbuka mgeni rasmi.

*

Mtendaji wa kata yetu anaitwa Ndugu Lugendo. Ni kijana mwenye adabu. Marehemu mama yake tulikuwa tukisuka naye mikeka, na yeye akitambaa kati yetu akila vipande vya ukindu. Alikuja asubuhi moja na mgambo wake, uso umemwanguka kama aliyeleta habari ya msiba, akatukuta ndiyo kwanza tunapanga watoto kwenye kamba.

Akauliza nani kiongozi wa jambo hili. Tukasema hakuna, ni bibi tu. Akauliza wameanza lini kutembea hivi. Tukamwambia. Akavua kofia, akajifuta kipara, akakaa juu ya jiwe la kuoshea vyombo.

"Bibi zangu," akasema, "mmenimaliza. Mmeanza kabla ya kuanza."

Bi Semeni akamwambia, "Mwanangu Lugendo, mama yako alikuzaa bila mgeni rasmi na ukatoka hivyo hivyo."

Mgambo akacheka, akakumbuka yuko kazini, akaacha.

Lugendo hakukasirika. Alitueleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alisema jambo letu ni zuri, na hapo ndipo penye tatizo. Lingekuwa baya lingeweza kuendelea tu, mabaya hayahitaji kuzinduliwa, yapo mengi na yanajiendea. Lakini jema ni mali ya serikali. Wakubwa wakisikia kuna jema limezagaa huku chini halina mwenyewe, watauliza mtendaji alikuwa wapi. Kwa hiyo, kwa usalama wa watoto na wa yeye mwenyewe, kutembea pamoja kumesimamishwa mpaka kuzinduliwe, na watoto waende kama zamani, mmoja mmoja, nafasi ikiwepo kati yao. Kamba akaichukua kwa ajili ya kuihifadhi. Alisema itafaa kwenye maonyesho.

Mgambo akapangiwa kukaa barabarani kuhakikisha watoto hawatembei pamoja. Ni mtu mwema, tena ana watoto wake. Nilimwendea nikamwomba, kwa kuwa yupo pale na kirungu na filimbi, awe anasimamisha magari watoto wapite. Alifikiri kwa muda mrefu, nikaona kabisa anaumia. Mwisho akaniambia kuna mgambo wa magari na mgambo wa watoto, na yeye ni wa watoto. Basi akawa anasimama pale kwa uaminifu. Mtu na dada yake wakija wameshikana mikono, anawatenganisha, mkubwa anakaa mtaroni kungoja mdogo avuke peke yake kwanza. Mdogo akisita katikati ya barabara, mgambo anafumba macho. Nilimwona mwenyewe akifumba, na midomo yake ikicheza kama anayeomba dua.

Mimi na goti langu hili bovu nilikuwa namfikisha Sikitu mpaka ukingoni. Kuvuka naye sikuruhusiwa, mgambo alisema bibi na mjukuu pia ni pamoja. Namwachia mkono pale, naye anangoja, anatazama kulia, kushoto, kulia, halafu anakimbia na mkoba unampiga mgongoni. Akifika ng'ambo anageuka kunipungia. Hapo ndipo nilipokuwa navuta pumzi.

*

Nikaanza kwenda ofisi ya kata kuulizia uzinduzi. Wengine walinicheka, lakini mimi nimelea watoto na wajukuu, kungoja nakujua. Ofisini kuna benchi zuri la wageni, jipya, bado limefungwa nailoni. Halijazinduliwa, kwa hiyo wageni tunasimama mbele yake.

Mara ya kwanza Lugendo alinieleza kwamba Mheshimiwa Waziri wa Mienendo amepanda ndege kwenda mkutano wa mataifa kuhusu kutembea kwa miguu. Mara nyingine tarehe yetu iligongana na uzinduzi wa kalenda ya uzinduzi. Kisha Waziri akabadilishwa, na huyu mpya hakuweza kuzindua kitu kabla yeye mwenyewe hajaapishwa na kupokelewa kwa ngoma katika kila mkoa. Kisha ikaja mvua, na zulia jekundu la mkoa likalowa, likaanikwa, na jua likawa halitoshi. Kila nikiondoka Lugendo ananishika mkono kwa mikono miwili, ananiita mama yangu, na kuniambia tuko hatua nzuri.

Huku nyuma shule ilipewa agizo la kuandaa watoto. Mwalimu Mkuu akafuta hesabu asubuhi, akafuta kusoma mchana, ikawa ni ngonjera na kwata. Sikitu, kwa kuwa anasoma bila kukwama, akachaguliwa kuwa mbele ya ngonjera, na akawa anaikariri hata akioga. Ilikuwa inasema "Twende shule, twende wote, elimu ni mwanga wetu," na kila ubeti ukiisha wanapiga hatua mbili mbele, na nyingine mbili nyuma warudi mahali pao.

Jioni moja nikiwa namsuka akaniuliza, "Bibi, tukishamaliza kuimba kwamba tunaenda shule, tutaenda lini?"

Nikamwambia atulie, nitamvuta nywele.

*

Mwisho Waziri alikuja, lazima niseme ukweli, alikuja. Siku ya uzinduzi Barabara Kuu ya Kasi ilifungwa tangu alfajiri kwa ajili ya msafara wake. Ungeona ajabu ya barabara ile ikiwa tupu. Kuku walivuka wakisimama katikati kupiga soga. Mbuzi alilala juu ya lami akacheua. Ndiyo siku pekee mtoto angeweza kuivuka akiwa amefumba macho na kubeba maji ya moto kichwani, na ndiyo siku pekee watoto walikatazwa kabisa kuivuka, maana msafara ulikuwa njiani. Kwa hiyo lori la kubebea mchanga likatumwa kuwachukua watoto wa kutembea, likawazungusha kwa njia ya machimbo, likawashusha uwanja wa shule wamejaa vumbi hadi kope. Sisi bibi tulikuja nyuma yao ndani ya lori hilo hilo, na Bi Semeni akasema hajawahi kutembea kwa kutikiswa namna ile.

Waziri alitarajiwa asubuhi akafika mchana. Watoto walisimama juani na bendera za karatasi. Wawili walianguka, wakapelekwa kivulini, na nafasi zao zikajazwa na wengine ili mstari usiharibike. Kwenye meza kuu palikuwa na turubai, vitambaa vya satini na maji ya chupa, na wenye kiu walikuwa upande wa pili.

Mheshimiwa Dokta Nkwabi, Waziri wa Mienendo, ni mnene wa heshima, mwenye sauti inayotoka chini ya tumbo. Alishuka kwenye gari lake, na hapo mshereheshaji akatutangazia kwamba sasa Mheshimiwa atatembea kwa ishara. Akatembea kutoka mlango wa gari mpaka meza kuu juu ya zulia. Wapiga picha walipomaliza aliombwa arudie, akarudi garini, akatembea tena, na sisi tukapiga makofi mara zote mbili.

Hotuba yake naikumbuka, maana ilikuwa ndefu na sikuwa na pa kwenda.

"Ndugu wananchi," alisema, "kutembea ni nini? Kutembea ni mguu, na baada ya mguu ni mguu mwingine. Maadui zetu walidhani tutasimama. Serikali hii ilikaa, ikatafakari, ikatuma wataalamu ughaibuni, nao wakarudi na jibu: mtoto anatembea. Na akitembea na mwenzake wanakuwa wawili. Wazo hili halikuokotwa barabarani."

Bi Semeni akanigusa kwa kiwiko. Nikamwambia nyamaza, mama, tunataka afike mwisho.

Akashukuru viongozi wa juu yake, na wa juu ya hao, kwa majina na vyeo vyao, mpaka akafika mahali ambapo juu yake hapana mtu, akapumua. Kisha ukafika wakati wa kukata utepe. Kukawa na kunong'onezana. Watu wa itifaki wakakimbia huku na huku, mmoja akapekua hadi chini ya zulia. Nikamwona Lugendo anaingia ofisi ya Mwalimu Mkuu, akatoka na kamba yetu mikononi, ameibeba kama maiti ya nyoka. Wakaifunga kwenye milingoti miwili, vitanzi vyote vya khanga vikining'inia, na upepo ukavichezesha. Mshereheshaji akasifu utepe wa asili.

Mkasi uliletwa juu ya mto wa satini. Mheshimiwa akakata, katani ikakataa. Akakata tena, mkasi ukajikunja. Bi Semeni alisokota kamba ile kwa hasira za mguu wa Mbwana, haikuwa kamba ya kukatika kwa sherehe. Watu wa itifaki wakaenda wakarudi na panga la mlinzi wa shule, na ili lifae kwa shughuli ya kitaifa walikuwa wamelifunga utepe mwekundu kwenye mpini. Tukauona utepe wenyewe, mzuri, mpana. Kumbe ulikuwepo.

Mheshimiwa akainua panga.

"Hiyo ni yetu," Sikitu akasema. Alikuwa mbele kwa ajili ya ngonjera, kwa hiyo kipaza sauti kilikuwa mdomoni pake, na sauti ikatoka kwenye spika zote nne za uwanja. "Usiikate, tunaishika tukivuka."

Halafu Mheshimiwa akatabasamu, akasema ngonjera hii imemgusa sana, mtoto ana kipaji cha kuigiza, na meza kuu yote ikapiga makofi. Panga likashuka. Kamba ikakatika, na kwa kuwa ni desturi kila mgeni muhimu apate kipande cha utepe aende nacho nyumbani, ikakatwa tena na tena kufuata vyeo, wakubwa vipande virefu, wadogo vifupi. Kitanzi cha JIRANI alipata Mkuu wa Tarafa. Alikitumia kufungia mlango wa gari lake, ambao kitasa chake kilikuwa kibovu.

"Natamka rasmi," Mheshimiwa akasema, "kuanzia sasa, kutembea kumeanza."

Kisha wote wakapanda magari wakaondoka kwa kasi, na barabara ikafunguliwa nyuma yao.

*

Kesho yake asubuhi tukawapanga watoto. Kamba hatukuwa nayo lakini tulisema watashikana mikono, ruhusa si imeshatoka. Mgambo naye alikuwa amefurahi, amevaa shati safi. Tulikuwa tumekaribia ukingo Lugendo alipotokea anahema, akatusimamisha.

Aliyotuambia nayaandika kama nilivyoyaelewa, na kama nimekosea ni elimu yangu ndogo. Kilichozinduliwa jana ni Mpango. Utekelezaji wa Mpango ni kitu kingine, una uzinduzi wake, na mgeni rasmi wake ni mkubwa zaidi. Kabla ya hapo patakuwa na uzinduzi wa Kamati ya Utekelezaji. Tukianza sasa tutakuwa tumetekeleza kabla ya utekelezaji, na hilo ni zito kuliko kosa letu la kwanza, kwa sababu safari hii tulikuwa tunajua.

"Tuko hatua nzuri, mama yangu," akaniambia.

Nikamtazama usoni kutafuta kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Bi Semeni akamtupia maneno mengi ambayo hayafai kuandikwa, akimtajia mpaka ukindu aliokula utotoni. Alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Bi Semeni alipomaliza, Lugendo akasema naam bibi, na watoto wakaachanishwa mikono.

Siku si nyingi likaja gari la Mpango. Lilikuwa jeupe, refu, limechorwa ubavuni watoto wanaotembea wameshikana mikono wakicheka, na chini yao imeandikwa TWENDE PAMOJA. Linambeba Mratibu wa Kutembea kutoka kata moja kwenda nyingine kuhimiza kutembea, na kata ni nyingi, kwa hiyo linawahi.

Nilikuwa ukingoni. Sikitu alitazama kulia, kushoto, kulia. Akakimbia. Ndala yake moja ikachomoka, akageuka kuiokota, kama watoto wanavyofanya, maana anajua ndala ilinunuliwaje. Nikaita jina lake, au nilidhani nimeita, mgambo anasema sauti haikutoka. Gari lilipiga breki likaserereka, likampitia ubavuni, mkoba wake ukanaswa ukavutwa naye akavutwa nao, mkanda ukakatika. Nashukuru mkanda ulikuwa umechakaa.

Nilivuka. Sijui nilivukaje na goti lile. Nikamkuta ameketi kwenye lami, ngozi ya mkono imetoka kutoka kiwiko mpaka kiganja, hajalia, ndala ameikumbatia. Dereva akashusha kioo. Alikuwa ameshtuka, jasho linamtoka, na mtu aliyeshtuka husema lililo karibu.

"Bibi, mnawaachaje watoto mmoja mmoja?" akasema. "Hamjasikia kwamba kuna Mpango?"

*

Baada ya siku ile Sikitu akawa akifika ukingoni miguu inagoma. Hakatai kwa kinywa, anasema naenda bibi, naenda, lakini hainyanyui miguu, na ananishika gauni mpaka linachanika. Nilimpeleka hivyo asubuhi kadhaa. Mgambo alikuwa anageukia upande mwingine. Asubuhi moja nikageuka naye tukarudi nyumbani.

Bibi wengine nao wakaanza kubaki na wajukuu wao. Mtaa ukawa na kelele za watoto saa ambazo haukuzoea.

Nikamfundisha mwenyewe. Daftari zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo tukaandika kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza, kisha tunafuta kwa tambara bichi. Bi Semeni akamleta Mbwana, ambaye plasta imetolewa ila anachechemea, na wengine wakaja wenyewe wakijifanya wamepita tu. Tulisoma maneno. Tulijumlisha, tukatoa, tukazidisha. Kugawanya niliishia kwenye namba ndogo, zile kubwa nilikuwa nikiwaambia tutazifikia. Nilijua kuna ukuta mbele na naukaribia, na Sikitu anakimbia kuliko mimi. Lakini nilisema moyoni, twende hadi hapo kwanza.

Alasiri moja tukiwa barazani Lugendo akatokea kwenye kona ya nyumba, amevaa suti. Alikuja kuaga na kushukuru. Amepandishwa cheo, anahamia wilayani. Alitueleza kwamba kata yetu imekuwa ya mfano katika nchi nzima, kwa sababu tangu gari la Mpango lianze kazi, hapa Nyuma ya Barabara hajagongwa hata mtoto mmoja. Mheshimiwa Waziri amelisema hilo mbele ya wageni kutoka nje, nao wameomba waje wajifunze.

Nikamwambia, "Ni kweli, baba. Hakuna anayevuka."

"Umeona, mama yangu," akasema. Alifurahi kwamba nimeelewa.

Halafu akaangalia chini. Akaona watoto wamekaa kwa mistari, wameelekea upande mmoja, mikono ina masizi. Akaona mkaa mkononi mwangu. Tabasamu likamtoka taratibu, ukaja ule uso wa siku ya jiwe la kuoshea vyombo.

"Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "hapa mmeanza nini?"

Nikamtazama Bi Semeni. Nilikuwa natarajia ulimi wake. Alikuwa ameushika mkono wa Mbwana anautazama.

"Hatujaanza kitu, baba," nikasema. "Tumekaa tu."

Lugendo akatikisa kichwa pole pole, akashukuru. Akasema basi kama tumekaa tu, naye atakaa nasi kidogo, hatujui tutaonana lini tena. Akavuta kigoda. Nikampa chai. Watoto wakatulia wakitazama mikono yao. Sikitu alikuwa amekunjua gauni lake na kuketi juu ya neno alilolikuta kwenye mfuko wa unga, neno refu, ambalo alikuwa ameliandika ili aniulize maana yake, na mimi nilikuwa nimekwisha kuliona, na silijui.

Lugendo akamaliza chai, akaomba nyingine.